Makaroni ya Tabora Hayahitaji Kamba wa Bagamoyo

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba jioni unaoka makaroni ya jibini na samaki, nyumbani kwako Tabora, usikie atakavyokujibu. Atacheka kwanza. Halafu atakuuliza kamba umewatoa wapi, ngisi umewatoa wapi, na hiyo jibini imeshuka na treni ya lini. Ukimjibu kwamba hakuna kamba wala ngisi, ni dagaa wa Kigoma na kipande cha mgebuka, atakuonea huruma. Kwake yeye chakula hicho kina kwao: kina bahari, kina oveni ya umeme, kina hoteli yenye vitambaa vyeupe mezani. Mtu wa bara akikijaribu anaiga tu, na anaiga vibaya.

Ukimkwepa huyo unaangukia mikononi mwa mwenzake, naye ni wa hapa hapa mjini. Huyu kamba hawamshughulishi. Anachosema ni kwamba makaroni na jibini ni mambo ya Wazungu, kwamba Mnyamwezi ana ugali wake, ana mlenda wake, ana matobolwa yake, na kwamba mwacha asili ni mtumwa. Wawili hawa wakikaa meza moja watabishana usiku kucha, lakini kuna jambo wanakubaliana bila kujua: wote wanaamini Tabora ni mji wa kula kilichoota Tabora. Hilo ndilo ninalolipinga. Kama kuna mji wa bara uliozoea vyakula vilivyotoka mbali tangu siku zake za mwanzo, ni huu.

Nianze na mwenye methali, maana methali yake imemgeukia. Kweli, makaroni ya kuokwa na jibini yalikuwa Ulaya zamani. Kitabu cha upishi cha Mwingereza Elizabeth Raffald, cha mwaka 1769, kina maelekezo ya makaroni na jibini. Lakini huko Marekani, ambako chakula hiki kimepata umaarufu kuliko pengine popote, sifa kubwa inakwenda kwa mpishi mweusi aliyekuwa mali ya mtu. James Hemings alikuwa mtumwa wa Thomas Jefferson. Mwaka 1784 bwana wake alimchukua hadi Paris akafundishwe upishi wa Kifaransa. Alirudi naye mwaka 1789, na hakupewa uhuru wake mpaka mwaka 1796, baada ya kumfundisha kazi ndugu yake Peter, naye mtumwa. Jefferson alipokuwa rais, mwaka 1802, makaroni ya kuokwa yalipakuliwa mezani kwake, na mgeni mmoja, mbunge Manasseh Cutler, akaandika kwamba hayakumpendeza hata kidogo. Wajukuu wa watumwa wale wale ndio walioyafanya kuwa chakula cha Jumapili na cha sikukuu. Basi mtu anayetaka kunitisha kwa neno “mtumwa” nikiwa nimeshika sufuria hii, ajue kwamba mtumwa aliishika kabla yangu, na aliishika kwa ustadi.

Hata hivyo hoja hiyo siitegemei sana, kwa sababu ni ya ng'ambo. Wala sitawakumbusha watu kwamba mahindi ya ugali wao yalitoka bara la Amerika. Kila mwenye kalamu ameshasema hivyo na haijambadilisha mtu. Ushahidi ninaoutaka uko Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe ambalo watoto wa shule hupelekwa kutazama na kurudi wakikumbuka ndevu za Livingstone tu.

Katikati ya mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliingia Unyanyembe, huku kwetu Tabora, na msafara wake kutoka Bagamoyo, akakuta Waarabu wa Tabora wanakula vizuri kuliko alivyotegemea. Aliandika walichokuwa nacho. Walikuwa na ng'ombe na mbuzi wengi, kwa hiyo walikuwa na maziwa, malai, siagi na samli. Mpunga ulilimwa kila mahali. Kulikuwa na vitunguu maji na vitunguu saumu, pilipili, nyanya, biringanya, milimao, michungwa, miembe. Kandokando ya tembe zao walilima ngano kidogo kwa matumizi yao wenyewe. Na mara moja kwa mwaka walijiletea kutoka pwani chai, kahawa, sukari, viungo, biskuti, na pamoja na hivyo (hapa namwomba mpenzi wa kamba asome polepole) sardini na samoni. Samaki wa baharini, Tabora, mwaka 1871, miaka 41 kabla reli haijafika mjini.

Mwaka uliofuata, mwezi Februari, Stanley alirudi kutoka Ujiji akiwa na David Livingstone. Stanley akaondoka Machi 14 kurudi pwani. Livingstone akabaki Kwihara kungoja wapagazi wapya aliokuwa ameahidiwa. Alingoja hadi Agosti. Ukisoma shajara yake ya miezi ile unaona mtu aliyechoka kungoja, anayehesabu siku, anayesali, na katikati ya hayo yote anatengeneza jibini. Ndiyo, jibini. Alikuwa akiitayarisha kwa ajili ya safari. Aliona ni nzuri ila ina uchachu, kwa sababu maziwa ya huku huwahi kuchacha, naye hakuwa akitumia kile kimeng'enya cha tumbo la ndama ambacho watengenezaji wa Ulaya hugandishia. Aliyaacha maziwa yagande yenyewe, na nusu siku ilitosha.

Mama yeyote mwenye ng'ombe kutoka Sikonge hadi Nzega akisikia maelezo hayo atauliza ugeni uko wapi. Hayo ni maziwa ya mgando yaliyochujwa maji yake. Daktari kutoka Uskochi alifanya alichoweza kufanya kwa maziwa ya Unyanyembe na joto la Unyanyembe, na mikono ya wenyeji ilikuwa imekwisha kuyazoea maziwa hayo kabla hajazaliwa.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Kati ya katikati ya 1871 na Agosti 1872, ndani ya eneo ambalo mtu hulizunguka kwa miguu na akarudi kwa chakula cha mchana, kulikuwa na ngano, maziwa, siagi, samli, vitunguu, jibini na samaki wa baharini. Vyote. Hakuna ushahidi kwamba mtu aliviweka kwenye sufuria moja, na mimi sidai hivyo. Ninachodai ni kwamba anayesema vitu hivi havina kwao Tabora amechelewa kwa karne moja na nusu.

Sitaki mtu asome orodha ile akadhani nasifia karamu. Sardini zile hazikuja zenyewe. Zilibebwa na mpagazi, ambaye mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, akiwa na mzigo wa frasila mbili hivi, kilo 30 na zaidi, begani au kichwani, kutoka Bagamoyo, kupitia Usagara, kupitia ukavu wa Ugogo, kwa miezi mitatu kama msafara unakwenda mbio. Na njia hiyo hiyo ndiyo iliyoteremsha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Walioagiza biskuti ndio waliokuwa na watumwa uani. Lakini hapo ndipo ninapozidi kumshangaa huyu mlinzi wa asili. Babu yake alibeba chakula kile safari nzima bila kuonja. Leo mjukuu ana senti zake, ana sufuria yake, anataka kuonja, anaambiwa na ndugu yake mwenyewe kwamba kilichokuwa ndani ya mzigo hakimhusu!

Sasa nimgeukie wa Dar es Salaam, na kamba zake.

Hoja yake inasimama juu ya imani kwamba samaki wa bahari ana hadhi na wa ziwa hana. Hebu tumtazame dagaa wa Kigoma. Wako wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na wote ni wa ukoo mmoja na sardini na heringi. Mababu zao waliingia kwenye maji baridi ya Afrika kutoka baharini, mamilioni ya miaka iliyopita, wakakaa. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, lina kaa, lina uduvi, lina hata konyeza anayeelea majini kama wa Bahari ya Hindi. Mambo haya yalimchanganya mwanasayansi Mwingereza J. E. S. Moore, aliyelichunguza ziwa mwishoni mwa karne ya 19, hata mwaka 1903 akatoa kitabu kizima akidai kwamba zamani ziwa lilikuwa mkono wa bahari. Alikosea, ziwa halijawahi kuwa bahari. Lakini kosa lake lina heshima kuliko kejeli ya mtu wa Dar. Yeye angalau alitazama.

Fikiria basi kichekesho cha mwaka 1871: matajiri wa Tabora wanaletewa sardini kutoka mashariki kwa miezi, wakati binamu wa sardini hao wanaanikwa juani Ujiji, upande wa magharibi wa njia hiyo hiyo. Na kichekesho hicho hakijaisha. Kila anayeagiza kisanduku cha kamba walioganda kutoka pwani ili makaroni yake yawe “halali” anakirudia. Kamba hao hugandishwa, huyeyuka njiani, hugandishwa tena, na wakifika huku wana maji mengi kuliko utamu. Ukiwaoka wanatoa maji yote ndani ya mchuzi, mchuzi unakatika, wao wenyewe wanakuwa kama mpira. Dagaa mkavu hana shida hiyo. Alikaushwa ili asafiri. Alisafiri kwa mguu, kisha reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 akapanda behewa, na hadi leo anashuka stesheni akiwa mzima, anang'aa kama fedha, na harufu yake inamtangulia sokoni.

Ila apikwe sawasawa, maana wapo wanaomharibu halafu wanalilaumu ziwa. Chagua dagaa wa ziwa hili hasa. Wa Mwanza ni samaki mwingine, mdogo zaidi, na mara nyingi ana mchanga unaokwaruza meno. Chambua. Mimi natoa vichwa, jirani yangu haitoi, na tumeacha kubishana. Wakaange kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, moto mdogo, mpaka waanze kulia wakigongana na kikaango na harufu ya ziwa igeuke harufu ya karanga. Mwagia maji ya moto, hesabu hadi mia, chuja. Sasa ndipo mafuta yaingie, na kitunguu kingi, na saumu, na nyanya moja tu isiyo na maji mengi, na ndimu mwishoni. Chumvi usitie bado; dagaa anayo yake na jibini itakuja na yake. Ikihitajika baadaye, Uvinza iko njiani, na chumvi yake ilikuwa biashara ya njia hii kabla ya sisi sote. Ukipata mgebuka wa moshi, mchambue miiba, umkate vipande vinene vya kuuma. Dagaa anatoa ladha, mgebuka anatoa mnofu. Huo ndio mgawanyo wa kazi.

Makaroni yachemshe kwa dakika mbili pungufu ya maelekezo ya pakiti, kwa sababu yataendelea kuiva yakiokwa. Kwa nusu kilo ya makaroni andaa lita moja ya maziwa, vijiko vinne vya samli na vijiko vinne vya unga wa ngano. Samli ipate moto, unga uingie, koroga bila kuacha mpaka ubichi wa unga uishe lakini rangi isigeuke. Maziwa yaingie kidogo kidogo, vinginevyo utapata madonge na hakuna dawa. Mchuzi ukianza kuushika mwiko, epua. Epua kwanza, ndipo utie jibini. Jibini ikichemka mafuta yake hujitenga na protini zake hushikana kuwa nyuzi ngumu, na hapo ndipo watu wengi husema jibini ni mbaya.

Jibini ipi? Hapa namkubalia mpinzani nusu. Jibini ngumu ni ghali, na mtu asiniambie si ghali. Tanzania inatengeneza jibini nzuri; Njombe wameijenga kazi hiyo kwa msaada wa Waitaliano, na ikipatikana kipande kidogo cha kukwaruza juu kitatosha. Iliyobaki ifanye mwenyewe, kama alivyofanya yule Mskochi: maziwa yagande, yachemshwe taratibu mpaka maji yajitenge, yachujwe kwenye kitambaa kwa usiku mmoja, yatiwe chumvi. Ujue tu kwamba jibini ya aina hiyo, na ile ya kugandisha kwa ndimu, haiyeyuki. Ukiitupa nzima nzima utakula chenga. Iponde kwanza na maziwa vuguvugu mpaka iwe laini, kisha ndiyo iingie kwenye mchuzi. Uchachu wake, ambao Livingstone aliuona kasoro, ndio unaomkata dagaa makali yake. Jibini ya dukani haina uchachu huo, na ndiyo maana wapishi wa hoteli hulazimika kuongeza haradali.

Kuhusu oveni, sijui niseme nini kwa mtu aliyekulia nchi hii na bado anasema bila oveni hakuna kuoka. Mkate wa kumimina bibi zetu waliuokea nini? Sufuria nzito, mfuniko wa bati au sinia juu yake, makaa machache chini na mengi juu. Wengi hukosea hapo: wanaacha moto wa chini ukiwa mkali, makaroni yanaungua kitako kabla ngozi ya juu haijashika. Tumia makaa ya mti mgumu wa miombo, yaliyokwisha kutulia na kupata jivu, theluthi chini na theluthi mbili juu. Chembe za mkate mkavu zilizochanganywa na dagaa wachache waliopondwa ndizo zinazotengeneza gamba la juu. Baada ya dakika 20 hivi funua upande mmoja kwa koleo. Ukiona kingo zinatokota na katikati pamekuwa na rangi ya asali, ondoa makaa yote ya juu, acha itulie. Anayepakua papo hapo atapata supu.

Imebaki pingamizi moja, na hili nalisikia kwa watu ninaowaheshimu: kwamba samaki na maziwa havikai tumbo moja, na anayevichanganya atatokwa na mbalanga. Imani hii si ya Tabora peke yake; ipo Uarabuni, ipo India, na huenda ilikuja huku na watu walewale waliokuja na miembe. Lakini mbalanga husababishwa na kinga ya mwili kushambulia chembe zinazotoa rangi ya ngozi, na chakula hiki hakihusiki. Kuna kitu kingine ambacho huenda ndicho kilichowatisha wazee. Samaki wa jamii ya jodari asipotunzwa vizuri hujaa histamini, na mlaji huwashwa, hubabuka mwekundu, huumwa kichwa, hata kama samaki huyo alipikwa sana. Mtu akila samaki wa hivyo na kushushia maziwa, ni rahisi maziwa kubeba lawama. Mwenye tumbo lisilopatana na maziwa, hiyo ni habari nyingine, na ni ya kweli. Huyo asile, wala asilazimishwe kwa heshima ya mpishi. Wengine wote wasikilize harufu ya samaki wao kabla ya kusikiliza hadithi.

Naye yule wa Dar es Salaam akija kutembea simnyimi. Atakuta sahani yenye gamba la kahawia, ndani nyeupe na nzito, mgebuka unaachana kwa uma, na chini kabisa ile ladha ya dagaa ambayo kamba hana wala hataipata. Akitaka ndimu atapewa. Akitaka pilipili, zipo za mbuzi. Akiuliza kamba, nitamwonyesha njia ya stesheni.

Ila nina ugomvi mmoja na watu wangu wenyewe, wale walioanza kumwagia karanga za kusaga ndani ya mchuzi wa jibini. Karanga na jibini zote ni nzito, zote ni za mafuta, na zikikutana mchuzi unakuwa udongo. Karanga zina mlenda wake, zina kisamvu chake. Hili nitalibishania hata msibani.